Je, Wajua? Virusi Vinapobisha Hodi Busia na Malaba

Je, wajua kwamba mwaka 2025 Ebola ilifika takriban kilomita 60 kutoka daraja la Malaba? Muuguzi wa Hospitali ya Mulago jijini Kampala aliugua mwezi Januari, akahangaika kutafuta matibabu huku na huko, na katika kuhangaika kwake akapitia Hospitali ya Rufaa ya Mbale na kwa mganga wa jadi. Alifariki Mulago tarehe 29, na kesho yake Uganda ikatangaza mlipuko. Mtu akiondoka Mbale asubuhi na kubadilisha gari Tororo, anaweza kunywa chai ya saa nne upande wa Kenya.

Na je, wajua kwamba tangu mwaka 2000 Uganda imepambana na Ebola mara nane, tukihesabu na wagonjwa waliovuka kutoka Congo 2019? Hadi mwisho wa 2025 Kenya haikuwa imethibitisha hata mgonjwa mmoja. Wengi huitaja rekodi hiyo kwa fahari. Mimi huitazama kwa hofu kidogo, kwa sababu ina maana kwamba wahudumu wetu wengi wa afya wameijua Ebola kwenye mafunzo tu, na siku itakapokuja watakutana nayo uso kwa uso kwa mara ya kwanza.

Wajua ni nani humkagua anayetoka Uganda? Tangu kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilipofunguliwa rasmi na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni tarehe 24 Februari 2018, msafiri husimama mara moja tu, katika nchi anayoingia. Malaba nako mambo ni hayo hayo. Atokaye Uganda hupita upande wa Uganda bila kusimama, akafika kwenye jengo lililo Kenya, na humo hukuta maafisa wa Uganda wakimgongea muhuri wa kutoka na wa Kenya wakimgongea wa kuingia. Mpango huo umepunguza mno muda wa kusubiri, na wafanyabiashara wana haki ya kuushangilia. Lakini hebu ufikirie kwa jicho la afya. Afisa anapomwona mtu ana homa kali na macho mekundu, mtu huyo tayari yuko ndani ya Kenya. Amekaa kwenye foleni ya Kenya na huenda ametumia choo cha Kenya. Kumwambia arudi alikotoka ni kumpeleka kwenye njia ya panya. Kwa hiyo chumba cha kumtenga, gari la wagonjwa na wahudumu wenye mavazi ya kujikinga lazima viwe upande wetu, tayari, hata miezi ambayo hakuna mlipuko wowote. Wizara ya Afya na serikali ya Kaunti ya Busia zinapopanga bajeti, hapa ndipo pa kuanzia.

Wajua kipimajoto kile cha kuelekezwa kwenye paji la uso kinaona nini? Kinaona joto la ngozi, basi. Virusi vya Ebola hukaa mwilini siku 2 hadi 21 kabla ya dalili kujitokeza, na katika siku hizo mtu hana homa na wala hawezi kumwambukiza mwenzake. Atapita getini akiwa mzima kabisa, kisha augulie Eldoret au Nakuru. Aliyemeza dawa ya kushusha homa saa moja kabla ya kufika naye anaweza kupita. Kipimajoto kina kazi yake: humkumbusha msafiri kwamba kuna hatari, na mara chache humnasa mgonjwa. Ila anayedhani kimeufunga mpaka anajidanganya.

Ndiyo maana Septemba 2022, Ebola ilipotangazwa Mubende, Kenya iliweka kwenye orodha ya kaunti zilizo hatarini Busia na Bungoma, na pia Nakuru na Mombasa. Ramani ya hatari ilifuata barabara ya malori.

Je, wajua hospitali ndiyo iliyowahi kuziba pengo ambalo mpaka haukuliziba? Julai 2014 msafiri mgonjwa kutoka Liberia alitua Lagos, Nigeria, akapita uwanja wa ndege na kulazwa. Dkt. Ameyo Stella Adadevoh alimshuku, akakataa kumruhusu aondoke ingawa shinikizo lilikuwa kubwa. Nigeria, nchi yenye watu wengi kuliko zote Afrika, iliponea na wagonjwa 20 na vifo 8. Mmoja wa waliokufa alikuwa daktari huyo.

Wajua ni wakati gani madereva wa malori walionja uchungu wa kuitwa wabeba virusi? Ni 2020. Korona ilipoingia Afrika Mashariki, Uganda ilizuia abiria mwezi Machi lakini ikaacha mizigo ipite, kwa kuwa Malaba na Busia ndio mlango wa mafuta, ngano na dawa za Uganda, na baada ya Uganda, za Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Congo. Madereva wakaanza kupimwa mpakani. Sampuli zilisafirishwa hadi Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda kule Entebbe, na majibu yakawa yanachukua siku. Mwezi Mei Uganda iliamua kwamba hakuna dereva atakayeingia kabla majibu yake hayajatoka. Foleni ya malori ikazidi kilomita 30, takriban umbali wa kutoka Malaba hadi Bungoma. Watu walipika kando ya magurudumu na kulala chini ya trela, wakaoga walipopata maji. Na mtu aliyewekwa kwenye foleni ili asiambukize wengine alikuwa akichangia chakula, choo na mazungumzo na wenzake mamia. Kinga ikawa inazaa kile inachokizuia.

Kilichoniuma zaidi ni jinsi madereva walivyotazamwa. Kila jioni idadi ya madereva waliopatikana na virusi ilitangazwa, na vijijini watu wakaanza kuwakimbia wanaume walewale waliokuwa wakiwaletea sukari na petroli. Wengine walikataliwa vyumba vya kulala na wengine chakula. Mwezi huo huo wa Mei Rais Museveni alitangaza kwamba madereva wa kigeni waliopatikana na virusi wangerudishwa kwao na kuondolewa kwenye hesabu ya wagonjwa wa Uganda. Fikiria wewe ni utingo, una kikohozi, uko kilomita mbili kutoka getini. Utasema?

Mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia mizigo na madereva, ili cheti cha kipimo kilichotolewa Mombasa kisomeke Malaba na Kampala bila dereva kuchomwa pua upya kila mpaka. Mfumo ulikuja baada ya wiki nyingi za mateso. Hata hivyo Januari 2022 mzozo ulirudi: madereva walisusia kipimo cha lazima na malipo yake, malori yakajipanga tena, na Uganda ikakosa petroli hadi bei ikapaa.

Je, wajua mgonjwa wa pili wa mpox nchini Kenya aligunduliwa wapi? Malaba. Wa kwanza alitangazwa tarehe 31 Julai 2024 huko Taveta, naye alikuwa msafiri aliyetoka Uganda kuelekea Rwanda kupitia Kenya. Mwezi uliofuata akapatikana dereva wa masafa marefu aliyekuwa amefika Congo, akatambuliwa kwenye kituo cha pamoja cha Malaba na kutengwa Kaunti ya Busia. Vipele huonekana kwa macho, kwa hiyo mpox hunaswa getini kwa urahisi kuliko Ebola. Mpox pia huua wachache zaidi, lakini kwa mtoto mchanga, mjamzito na mtu ambaye kinga yake ya mwili imeshuka si ugonjwa wa kupuuza.

Na je, wajua Malaba iliwahi kuitikisa Kericho? Juni 2019 mwanamke aliyesafiri kutoka Malaba alifika Kericho akiwa na homa na dalili zilizotia shaka. Alitengwa na sampuli ikapelekwa maabara. Nchi nzima ikashika roho mkononi, kisha Wizara ya Afya ikatangaza kwamba hakuwa na Ebola. Wapo walioona ni kelele za bure. Mimi naona mfumo ulifanya kazi yake: muuguzi aliuliza umetoka wapi, akasikia jibu, akachukua hatua. Tunahitaji hofu za namna hiyo nyingi zinazoishia kwenye jibu la "hapana".

Ilikuwa na sababu, hofu hiyo. Mwezi huo huo Ebola ilikuwa imevuka kutoka Congo na kuingia Kasese, magharibi mwa Uganda. Kisa chake kinastahili kusomwa polepole na kila mkazi wa Busia. Familia moja ilikuwa na mama Mkongomani na baba Mganda. Mama alikwenda Congo na watoto wake kumuuguza babu yao, na babu akafa kwa Ebola. Waliporudi, baadhi yao walikuwa tayari na dalili na walikuwa wametakiwa wabaki kwenye uangalizi upande wa Congo. Walitoka wakashika njia ya miguu isiyo na kituo. Mtoto wa miaka 5 alithibitishwa kuwa na Ebola tarehe 11 Juni katika Hospitali ya Bwera, akafariki. Wakafuata bibi yake na mdogo wake. Lakini mlipuko ukakomea hapo. Kabla ya siku hiyo Uganda ilikuwa imechanja wahudumu wa afya wapatao 4,700 katika wilaya za mpakani, na wauguzi wa Bwera walijua wanachokitazama.

Sasa hamishia picha hiyo huku kwetu. Wateso wako Malaba ya Kenya na Tororo ya Uganda. Wasamia wana ndugu pande zote mbili za Mto Sio. Mtoto analala Busia moja na kusoma Busia nyingine. Shangazi akifa ng'ambo, hakuna atakayesubiri geti lifunguliwe ndipo aende matangani, na njia za miguu kupitia mashamba ya mihogo zinajulikana na kila mtu tangu zamani, kabla ya wakoloni kuchora mstari. Anayezifunga kwa polisi atapata watu wanaovuka usiku. Anayekaa na wazee wa mitaa, wachungaji, maimamu na wenye bodaboda atapata habari mapema: nani amerudi na nani anaumwa, na kama kuna mazishi wapi.

Wajua watu wenye ulemavu wa miguu ni miongoni mwa wasafirishaji wakongwe wa mizigo Busia? Huvuka na baiskeli zao za magurudumu matatu, zile za kuendeshwa kwa mikono, zikiwa zimesheheni bidhaa. Mpaka ulipofungiwa watembea kwa miguu 2020, riziki yao ilikatika siku moja, pamoja na ya kina mama wauza omena, mayai na ndizi. Kila amri ya kufunga mpaka ina majina ya watu chini yake, na mara nyingi hawakuulizwa.

Je, wajua homa hatari zina historia katika ukanda huu huu, hata kabla hatujalisikia jina la Ebola likitajwa redioni? Mwaka 1980 mhandisi Mfaransa aliyefanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Nzoia, kando ya barabara iendayo Malaba, aliugua ugonjwa wa Marburg akafia Nairobi. Daktari aliyemhudumia, Shem Musoke, aliambukizwa na akapona. Kabla ya kuugua, mhandisi huyo alikuwa ametembelea pango la Kitum katika Mlima Elgon, pango ambalo ndovu huingia usiku kuchokonoa chumvi kwenye kuta kwa pembe zao. Mwaka 1987 kijana wa Kidenmaki aliyetembelea pango hilo hilo naye alikufa kwa Marburg. Watafiti walikwenda wakatafuta, wakarudi mikono mitupu. Ilibidi kungoja hadi 2007 ndipo alama ya virusi hivyo ilipopatikana kwa popo mla matunda aliyekamatwa Kitum.

Marburg yenyewe ilipata jina Ujerumani, lakini ilitoka jirani yetu. Mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara katika miji ya Marburg, Frankfurt na Belgrade waliambukizwa na tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda. Watu 31 waliugua, 7 wakafa.

Oktoba 2017 Marburg ilizuka tena kwenye Mlima Elgon, upande wa Uganda, wilayani Kween. Walioambukizwa walikuwa wachache, lakini mmoja wao alikuwa amevuka kuingia Kenya alipokuwa tayari mgonjwa, na maafisa wa afya wakalazimika kuwatafuta watu aliokutana nao Trans Nzoia na Pokot Magharibi. Uganda ilitangaza mwisho wa mlipuko Desemba mwaka huo. Popo bado wapo mapangoni, na mahali pao ni pale. Kuwaua au kuwafukiza huwasukuma wasambae na kuwachanganya na watu zaidi. Bora mtu asiingie pangoni bila sababu, wala asile tunda lililoumwa na mnyama asiyemjua.

Wajua Busia ni mojawapo ya sehemu za Kenya ambako magonjwa yatokayo kwa wanyama yamechunguzwa kwa kina? Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo ina maabara mjini humo, na kati ya 2010 na 2012 watafiti walipita kwenye maboma zaidi ya 400 wakiwapima watu zaidi ya 2,000 pamoja na mifugo yao. Na huko Alupe, palipojulikana zamani kwa hospitali ya wagonjwa wa ukoma, Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI) ina kituo kilichopima sampuli za madereva wakati wa korona. Vitu hivi viko kwetu. Tusizungumze kana kwamba ujuzi wote hutoka Nairobi.

Je, wajua mashine ya GeneXpert, ile inayotumika kupima kifua kikuu katika hospitali nyingi za kaunti, ina kikasha kinachoweza kutambua Ebola kwa muda wa chini ya saa mbili? Lakini kikasha hicho ni cha Ebola aina ya Zaire. Uganda 2022 na 2025 ilikuwa aina ya Sudan, ambayo hakiwezi kuinasa. Jibu la "hana" linaweza kuwa la uongo kwa sababu tu umeuliza swali lisilofaa. Kwa aina hiyo sampuli inahitaji maabara kubwa, au gari la maabara. Mwaka 2020 Jumuiya ya Afrika Mashariki iligawia nchi wanachama magari tisa ya aina hiyo, yaliyonunuliwa kwa fedha za Ujerumani na yenye uwezo wa kupima Ebola na korona. Kenya ilipata mawili.

Tofauti ya aina hizo inagusa chanjo pia. Ervebo, chanjo iliyosaidia kuokoa maelfu mashariki mwa Congo, ni ya aina ya Zaire peke yake. Haikingi dhidi ya Sudan, wala Bundibugyo, aina iliyogunduliwa Uganda 2007.

Sikiliza basi kisa cha chanjo za majaribio. Mlipuko wa Mubende ulitangazwa tarehe 20 Septemba 2022. Chanjo za kwanza za kujaribiwa dhidi ya aina ya Sudan zilitua Entebbe tarehe 8 Desemba, wakati mgonjwa wa mwisho alikuwa tayari amekwenda nyumbani. Hapakuwa na mtu wa kumchanja. Watu 142 walikuwa wamethibitishwa kuugua na 55 kati yao walikufa. Dozi hazikutupwa, ziliwekwa akiba. Mlipuko wa Kampala ulipotangazwa tarehe 30 Januari 2025, jaribio la chanjo lilianza tarehe 3 Februari, siku nne baadaye, kwa kuwachanja waliotangamana na wagonjwa. Waliliita Tokomeza. Siku nne! Wanasayansi wa Uganda walikuwa wameandika taratibu zote, wakapata vibali mapema na kufunza watu wao kipindi ambacho hakuna aliyekuwa akiandika habari za Ebola. Mlipuko huo uliisha rasmi tarehe 26 Aprili ukiwa na wagonjwa 14 na vifo 4, wakiwemo wale waliodhaniwa tu kuwa nao.

Je, wajua maiti ya aliyekufa kwa Ebola huambukiza kuliko mgonjwa aliyepata homa leo? Virusi huwa vimejaa kila mahali, hata juu ya ngozi. Kuosha mwili, kuukumbatia na kulala kando yake usiku wa matanga, mambo tunayoyafanya kwa upendo, ndiyo njia virusi vinavyoipenda. Katika Wilaya ya Kassanda mwaka 2022 mwili uliozikwa na wataalamu ulifukuliwa na jamaa ili wautimizie taratibu za dini, na wengi waliushika wakaugua. Ukitaka kujua kosa lilikuwa la nani, usikimbilie kuwalaumu waliofiwa. Wafiwa wengi wanapozikiwa mtu wao na watu waliovaa mavazi meupe, bila sala wala jina kutajwa, huondoka makaburini wakihisi wameibiwa. Mazishi salama yanaweza kufanywa na kasisi au imamu akiwa amesimama kwa umbali, na familia ikichagua nguo na kuona kaburi, na mtu mmoja wa ukoo akiwa amevalishwa na kushiriki. Kazi hiyo huchukua saa moja zaidi, na saa hiyo huzuia jamaa wasije kufukua kaburi usiku.

Wajua sabuni ya kipande huua Ebola? Virusi hivi vimefunikwa kwa utando wa mafuta, na sabuni yoyote huupasua. Kwa sakafu na vyombo vilivyochafuka hutumika klorini ya nguvu ya asilimia 0.5; kwa mikono ya asilimia 0.05 inatosha. Anayenawa mikono kwa ile kali hujichubua ngozi na kujifungulia mlango wa maradhi.

Wajua kufunga mpaka kumewahi kujaribiwa kwa saa chache tu? Tarehe 1 Agosti 2019 Rwanda ilifunga mpaka wake na Goma baada ya mgonjwa mwingine kupatikana mjini humo, na siku hiyo hiyo ikaufungua. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kufunga, na sababu yake inaeleweka na yeyote aliyewahi kukaa mitaa ya Busia kama Sofia au Marachi siku ya soko: watu hawaachi kuvuka, huacha tu kuonekana. Goma, mji wenye watu wengi kuliko Busia mara nyingi, ilipata wagonjwa wanne tu 2019 huku mpaka ukiendelea kupitisha maelfu kila siku, kwa maji ya kunawa, maswali na ufuatiliaji.

Je, wajua wahudumu wa afya ndio huanguka kwanza? Oktoba 2000, Dkt. Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor, Gulu, aliacha masomo yake Kampala akarudi kutazama ugonjwa uliokuwa ukiwaua wanafunzi wauguzi. Alisoma mafaili usiku, akatambua hatari na kuipigia kengele Wizara. Mlipuko ule uliua watu 224 kati ya 425 walioambukizwa. Yeye alifariki tarehe 5 Desemba. Kampala 2025 aliyetangulia alikuwa muuguzi. Mgonjwa wa Ebola akivuka Busia hatakwenda kwenye chumba maalumu kwanza. Atakwenda duka la dawa, kisha zahanati ya binafsi karibu na stendi, achomwe sindano ya malaria na mtu asiye na glavu. Mafunzo na glavu vikiishia Hospitali ya Rufaa ya Busia, Kocholya na Alupe, vimeishia hatua mbili nyuma ya ugonjwa.

Namba ya bure ya kuripoti dalili kwa Wizara ya Afya ni 719. Dereva wa bodaboda aliyembeba mgonjwa anayetapika damu anaweza kuipiga kabla hajampakia abiria mwingine.

Lakini atapiga? Hapa ndipo ningependa viongozi wa kaunti zote mbili, Busia na Bungoma, watazame. Aliyetangamana na mgonjwa wa Ebola hufuatiliwa siku 21, na mlipuko hautangazwi kuisha hadi zipite siku 42 tangu mgonjwa wa mwisho kupimwa na kukutwa hana virusi. Kwa mbadilisha fedha wa Malaba, mama wa omena au kijana wa bodaboda anayelipia pikipiki kwa mkopo, siku 21 bila kazi ni kodi ya nyumba iliyopita na watoto waliorudishwa kutoka shule. Kumwambia akae nyumbani bila kumpa unga, sabuni na kitu cha kulipa kodi ni kumwomba afiche homa yake. Fedha hizo zitengwe sasa, kwa jina na kwa akaunti, na wanaozihitaji wajue zipo kabla mtu yeyote hajaugua.